Kura nyingi, viti vichache

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Kaengesa, kwenye uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, hukabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Huingia nazo kwenye kituturi, huweka alama ya vema, huzikunja, hutumbukiza kila moja kwenye sanduku lake, huchovya kidole kwenye wino na kwenda zake. Saa kumi jioni kituo hufungwa. Masanduku yote matatu hufunguliwa katika chumba kilekile, na kura huhesabiwa na watu walewale mbele ya mawakala walewale wa vyama. Baada ya hapo karatasi hizo hazikutani tena, kwa sababu kila moja ina sheria yake ya kuamua nani kashinda.

Ya rais inaingia kwenye kapu moja la nchi nzima. Kura ya Kaengesa ina uzito uleule wa kura ya Kariakoo, na tangu Katiba ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2000, mgombea hahitaji kufikisha nusu ya kura zote. Anayeongoza ndiye rais, hata akiwa na asilimia 35. Ya mbunge haitoki nje ya Kwela, jimbo linaloanzia juu uwandani na kuteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Humo ushindi wa kura moja na ushindi wa kura elfu ishirini vinazaa kitu kilekile: kiti kimoja.

Lakini kura ya ubunge ina maisha ya pili ambayo wengi hawayajui. Kura zote za wabunge nchini, za walioshinda na za walioshindwa, hujumlishwa kichama, na kila chama kilichopata angalau asilimia tano hugawiwa viti maalumu vya wanawake kwa uwiano wa kura zake. Kwa hiyo mtu wa Kaengesa ambaye mgombea wake kaangushwa vibaya Kwela anaweza kuwa amechangia kumpeleka Dodoma mwanamke wa mkoa mwingine kabisa, ambaye hajawahi kumsikia.

Tofauti nyingine iko mahakamani. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa. Ya urais, kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, hayagusiki na mahakama yoyote yakishatangazwa na Tume. Watu wa Sumbawanga Mjini walilionja hilo kwa karibu. Mwaka 2010 Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa mshindi mbele ya Norbert Yamsebo wa Chadema kwa tofauti ndogo. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikatengua matokeo. Mbunge akakata rufaa, akabaki na kiti, na mwaka 2015 akarudi kwa wapiga kura na kushinda tena. Katika vituo vilevile, siku ileile, kura za urais zilikuwa zimehesabiwa kwa mikono ileile, lakini hizo hazikuwa na mlango wa kupingwa.

Na kuna mahali karatasi hazikufika tatu. Mwaka huohuo wa 2010 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, alipita bila kupingwa. Wapiga kura wake walikwenda kituoni kuchagua rais na diwani. Mbunge walikuwa wameshampata siku fomu zilipofungwa.

Kapu moja la kura za rais, ambalo mtu wa Kaengesa analiona jambo la kawaida, ni kitu ambacho mpiga kura wa Los Angeles hana. Marekani haina uchaguzi mmoja wa rais. Ina chaguzi 51, za majimbo 50 na wilaya ya mji mkuu, na kila moja inatoa wajumbe wake kwenye jopo la wajumbe 538. Mwenye 270 ndiye rais. Karibu majimbo yote humpa aliyeongoza wajumbe wote, awe ameongoza kwa kura milioni tatu au kwa kura mia tano. Maine na Nebraska tu ndiyo hugawa. Idadi ya wajumbe wa jimbo ni jumla ya wabunge na maseneta wake, na kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili, dogo kwa kubwa, Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 ina wajumbe watatu, wakati California yenye watu wapatao milioni 39 ina 54. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa California anabeba watu zaidi ya 700,000. Wa Wyoming hawafiki 200,000.

Mfumo huo umewafikisha Ikulu ya Washington watu waliozidiwa kura na wapinzani wao: Rutherford Hayes mwaka 1876, kwa wajumbe 185 dhidi ya 184, Benjamin Harrison mwaka 1888, George W. Bush mwaka 2000 na Donald Trump mwaka 2016, ambaye Hillary Clinton alimpita kwa kura zipatazo milioni 2.9. Nyuma yao yuko John Quincy Adams, aliyechaguliwa na wabunge mwaka 1825 baada ya wagombea wanne kugawana wajumbe bila yeyote kufikisha nusu.

Uchaguzi wa mwaka 2000 ndio uliowashangaza wengi, kwa kuwa dunia nzima iliutazama ukivuja. Nchi ya watu wapatao milioni 280 ilisimama wiki tano ikisubiri Florida, na Florida ilisimama kwa sababu ya matundu. Katika wilaya kadhaa za jimbo hilo mpiga kura hakuweka vema. Alitoboa karatasi kwa msumari mdogo. Kama kipande kilichotobolewa hakikudondoka, kikabaki kinaning'inia kwenye kona moja, mashine haikuiona kura. Maofisa walipigwa picha wakiinua karatasi kwenye mwanga wa taa, macho yamewatoka, wakijaribu kusoma nia ya mtu asiyekuwepo. Kule Palm Beach majina yalipangwa kurasa mbili zinazotazamana, matundu yakiwa katikati, na Pat Buchanan, mgombea mdogo wa mrengo wa kulia, akavuna kura zaidi ya 3,400 kwenye ngome ya Al Gore, mpinzani wa Bush. Yeye mwenyewe alikiri kwamba nyingi hazikuwa zake. Desemba 12 Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya, majaji watano dhidi ya wanne. Bush akachukua Florida kwa kura 537 na urais kwa wajumbe 271. Kwa nchi nzima Gore alimzidi kwa zaidi ya kura nusu milioni.

Msomaji wa Afrika Mashariki hucheka hapo, na ana haki ya kucheka. Lakini kihistoria Wamarekani hawakuwa peke yao. Kisa cha mwaka 2016 kilishatokea huku kwetu miaka 53 kabla, visiwani Zanzibar, na matokeo yake yalikuwa mazito zaidi ya chochote kilichotokea Florida.

Januari 1961 Wazanzibari walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi Party (ASP) ya Abeid Karume ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, ikapata tisa, na chama cha tatu cha Mohammed Shamte, ZPPP, ambacho nguvu yake ilikuwa Pemba, kikapata vitatu. Kimoja kati ya viti 10 vya ASP kilikuwa Chake Chake, walikoshinda kwa kura moja. Si kura mia wala kumi, moja. Mtu mmoja angelala siku hiyo kwa homa, historia ingeandikwa vingine.

Watatu wa ZPPP nao wakapasuka: wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Dawa ya Waingereza ilikuwa kuongeza jimbo la 23 ili sare isitokee tena, na kurudia uchaguzi Juni mwaka huohuo. Safari hii ASP ilipata zaidi ya kura 45,000, nyingi kuliko za Hizbu na ZPPP zikiwekwa pamoja. Viti? ASP 10, Hizbu 10, ZPPP vitatu. Hizbu na ZPPP, waliokuwa wameshapatana kabla ya uchaguzi, wakaunda serikali. Ghasia zilizozuka Unguja siku ya kupiga kura na siku zilizofuata ziliua watu 68.

Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, majimbo yalikuwa 31. ASP ikapata asilimia 54 ya kura zote. Ikapata viti 13. Muungano wa Hizbu na ZPPP, kwa asilimia 46 za kura, ukapata 18, na Shamte ndiye aliyepokea uhuru Desemba 10 akiwa Waziri Mkuu.

Iliwezekanaje? Wapo walioona hila katika uchoraji wa mipaka, na mjadala huo haujafa. Lakini hata bila hila hesabu inajitosheleza. Wafuasi wa ASP walikuwa wamerundikana: Ng'ambo na katikati ya Unguja walishinda kwa maelfu, na kila kura iliyozidi ile ya ushindi haikuwa na kazi. Wapinzani wao walitawanyika vizuri zaidi, hasa Pemba, wakishinda hapa kwa mia chache na pale kwa mia chache. Isitoshe, Hizbu na ZPPP walikubaliana kuachiana majimbo, kwa hiyo kura zao hazikugongana. Chama kilichokuwa kimeonja utamu wa kushinda jimbo kwa kura moja sasa kilikuwa kinalipa gharama ya kushinda mengine kwa wingi uliopitiliza.

Mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, Januari 12, 1964, serikali hiyo ikapinduliwa. Mapinduzi yana sababu nyingi, za ardhi, za utumwa, za rangi na za tumbo, na si haki kuyabebesha hesabu za majimbo peke yake. Hata hivyo, ni vigumu kuona ni hoja gani ya sanduku la kura ambayo mfuasi wa ASP angeelezwa akaielewa baada ya Julai 1963, chama chake kikiwa kimepata kura nyingi mara mbili mfululizo na kukaa benchi la upinzani mara zote mbili.

Upande wa bara, Waingereza walibuni kitu cha ajabu zaidi, na kikawageukia wenyewe. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, wa 1958 na 1959, nchi iligawanywa majimbo 10 na kila jimbo likapewa viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia. Kila mpiga kura, wa rangi yoyote, alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila kundi. Akichagua Mwafrika peke yake, karatasi yake ilikuwa imeharibika. Na si kila mtu alipiga kura: ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa ulezi wa Ufipa, anayelima matuta yake kwa jembe la mkono na hana mshahara, hakuwamo. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika 60,000.

Nia ilikuwa kuipunguzia makali TANU na kukipa nafasi chama cha United Tanganyika Party (UTP), kilichopendwa na Gavana Twining. Ndani ya TANU wengi walitaka kususa. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikaribia kukipasua chama. Zuberi Mtemvu aliondoka akaanzisha chake. Mwalimu Nyerere akawashawishi waliobaki kwamba waingie, na hapo ndipo ulipozaliwa ule uamuzi ambao vitabu vya shule vinauita wa busara.

Busara yenyewe ilikuwa ya kihesabu. Kama kila Mwafrika lazima ampigie kura Mzungu na Mwasia, na Waafrika ndio wengi hata miongoni mwa hao waliokidhi masharti, basi wanaoamua Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie Barazani ni Waafrika. TANU ikachagua wake: Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal, Sophia Mustafa. Wakapita. Kiongozi wa UTP, Ivor Bayldon, akaanguka. Sharti lililowekwa ili Mwafrika asijaze Baraza lilimpa ufunguo wa viti vyote vitatu. Katika visa vyote vya chaguzi za kanda hii, hicho ndicho kinachostahili kufundishwa pamoja na hesabu.

Mwaka 1960 TANU ilizoa viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Kile kimoja kilichopotea kilikwenda kwa Herman Sarwatt wa Mbulu, aliyesimama binafsi dhidi ya mgombea wa chama. Naye alikuwa mwanachama wa TANU.

Ilipofika 1965, nchi ikiwa na chama kimoja, wengi nje walidhani uchaguzi umekwisha habari. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU, na kila mmoja akapewa alama: jembe au nyumba. Walizunguka pamoja, wakipanda jukwaa moja, marufuku kutaja kabila, dini au rangi, marufuku kuzungumza lugha nyingine ila Kiswahili. Kwa kuwa sera zilikuwa zilezile, mabishano yakahamia kwenye alama. Wa jembe aliuliza mtakula nini. Wa nyumba akauliza mtalala wapi. Katika nchi ya wakulima unaweza kubahatisha nani alitamani kupewa alama ipi. Siku ya kura, mawaziri wawili na manaibu kadhaa wakaangushwa. Mkubwa wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa. Ilibidi Rais amrudishe bungeni kwa uteuzi. Bryceson, Mzungu, alimshinda Mwafrika kwa kura nyingi mno Dar es Salaam. Baadaye akawa mkurugenzi wa hifadhi za taifa na kumwoa Jane Goodall, yule wa sokwe wa Gombe.

Wakenya nao walijaribu kuachana na karatasi. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wanayemtaka, mchana kweupe, na aliyefikisha asilimia 70 akawa mbunge moja kwa moja. Mfumo huo uliitwa mlolongo. Kinadharia ni uchaguzi usioibika, maana kila mwenye macho anahesabu. Kivitendo, watu walishuhudia mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, hapakuwa na cha kuhesabu upya jioni.

Robo karne baadaye Kenya ikakumbana na swali dogo lenye uzito mkubwa: kura iliyoharibika ni kura? Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Machi 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50.07. Karatasi zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 100,000. Asilimia hiyo ilikuwa imezihesabu kuwa zimepigwa; zikitolewa, Uhuru anapanda na kujiweka mbali zaidi na duru ya pili na Raila Odinga. Mahakama ya Juu ikaamua hazihesabiki. Miaka minne baadaye mahakama hiyohiyo, Septemba 1, 2017, ikafuta uchaguzi mzima wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika.

Zanzibar ilikuwa imerudi kwenye hesabu za kubanana zamani kidogo. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706, na CCM ikapata viti 26 vya Baraza la Wawakilishi dhidi ya 24 vya CUF, ambayo ilivibeba vyote 21 vya Pemba. Ramani ya 1963 ilikuwa bado inasomeka.

Si kila kituko ni cha huzuni. New York, katika mchujo wa vyama wa kumpata meya, mpiga kura hupanga hadi wagombea watano kwa mapendeleo. Wa mwisho akitolewa, kura zake hurithiwa na waliowekwa nafasi ya pili. Juni 2025 mfumo huo ulimpitisha Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, ambaye mapema mwaka huo kura za maoni zilikuwa zikimpa asilimia moja. Alimbwaga gavana wa zamani Andrew Cuomo, akamshinda tena Novemba kwenye uchaguzi wenyewe. Urais wa Marekani hataupata hata akipendwa namna gani: Katiba yao inadai raia wa kuzaliwa.

Kwa sare, Virginia wana bakuli. Mwaka 2017 wagombea wawili wa kiti kimoja cha bunge la jimbo hilo walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 4, 2018 majina yao yaliwekwa kwenye vikopo vidogo vya filamu za kamera, vikatiwa kwenye bakuli la udongo, na ofisa akachomoa kimoja mbele ya kamera. Jina lilikuwa la David Yancey, na kwa jina hilo chama cha Republican kikabaki na wingi bungeni, 51 kwa 49.

Kifo nacho kina sheria zake. Mel Carnahan, gavana wa Missouri, alikufa kwa ajali ya ndege Oktoba 16, 2000, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa useneta. Karatasi zilishachapwa, jina lake likabaki, na marehemu akamshinda seneta aliyekuwa madarakani, John Ashcroft. Mjane wake ndiye aliyeteuliwa kukalia kiti.

Tanzania hufanya kinyume chake. Uchaguzi mkuu wa 2005 ulipangwa Jumapili ya Oktoba 30. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, akafariki dunia, na sheria ikalazimisha uchaguzi wa Muungano wote usogezwe hadi Desemba 14. Ufipa, Oktoba ni kiangazi na watu wana nafasi. Katikati ya Desemba mvua zimeshika na kila mwenye nguvu yuko shambani. Zanzibar, yenye tume na uchaguzi wake, haikusubiri: ilimchagua rais wake na wawakilishi Oktoba 30 kama ilivyopangwa, kisha ikapanga foleni upya Desemba kuchagua rais wa Muungano na wabunge. Amani Abeid Karume alikula kiapo mwanzoni mwa Novemba, na kwa wiki sita zilizofuata Jakaya Kikwete, mgombea wa chama hichohicho, alikuwa bado anazunguka bara akiomba kura. Alipata asilimia 80.